Ukibaguliwa kwa ajili ya dini yako kijijini: namna ya kuitumia Katiba, kwa watu wa Mtwara na Lindi

Naandika hii kwa ajili ya watu wa huku kusini hasa, maana maswali yanayonifikia yanafanana sana. Mmoja yuko upande wa Tandahimba anasema sisi Walokole huku tupo kaya chache tu, mwenyekiti katukatalia sehemu ya kuzikia, tufanyeje. Mwingine yuko karibu na Ndanda, Muislamu, anasema watoto wake wanaambiwa hiki na kile shuleni. Wote wawili wanaanza kwa kusema "sisi ni wachache" kana kwamba kesi imeshaisha hapo. Haijaisha, hata kuanza haijaanza. Katiba ya nchi hii haiulizi mpo wangapi, na ntakuelekeza namna ya kuitumia kuanzia kwa mtendaji wa kijiji mpaka Mahakama Kuu ikibidi, ingawa mambo mengi yanaishia hukohuko kwa mtendaji ukiyaandika vizuri.

Tuanze na huo uchache wenyewe. Panda basi stendi ya Mtwara uende Masasi. Unapita Mikindani, mji wa zamani wa Waswahili, adhana tupu, unafika Mnazi Mmoja unaiacha njia ya Lindi unaingia ya Mtama, mara Nyangao pana misheni, mara Ndanda pana abasia ya Wabenediktini, walioanza kama misheni 1906, na hospitali yao kubwa, halafu Masasi kwenyewe ambako Waanglikana wa UMCA walifika 1876. Mtu yuleyule, Katiba ileile, nauli moja ya basi, asubuhi alikuwa wa wachache na mchana ni wa wengi. Ndo maana mimi huwa namwambia mtu anayejiona yuko salama kwa sababu kijiji chote ni cha dini yake, hii ibara unayoidharau leo mwanao akipata ajira wilaya ya pili ataihitaji yeye. Na wachache sio Waislamu na Wakristo tu. Wapo Wasabato, wapo Mashahidi wa Yehova, wapo Ahmadiyya, wapo Wahindi na Mabohora mjini, wapo Answar Sunna kwenye mtaa ambao msikiti wote ni wa maulidi, wapo wazee wanaoshika matambiko na hawaendi msikitini wala kanisani. Hesabu rasmi ya nani ni wangapi hakuna, sensa ya mwisho kuuliza dini ya mtu ilikuwa ya 1967, kwa hiyo mtu asikutishe na asilimia za kichwani kwake.

Sasa kitabu chenyewe. Tafuta Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ya Kiswahili, ipo ya kupakua bure kwenye simu kwenye tovuti za serikali, hakikisha tu ni ile yenye marekebisho mpaka ya 2005. Usiisome yote, utachoka. Nenda ibara ya 3, inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi "isiyokuwa na dini". Maana yake serikali haina dini, sio kwamba wewe usiwe nayo. Mwenyekiti wako wa kijiji ana dini yake nyumbani, ila akikaa kwenye kile kiti na ule muhuri hana.

Halafu ibara ya 19, hii ndo roho ya mambo. Inatoa uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi wa dini, na inasema wazi kwamba uhuru huo ni pamoja na kubadilisha dini au imani. Inasema kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini ni huru na ni hiari ya mtu binafsi, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Watu wengi wanaishia hapo, wewe endelea mpaka ibara ndogo ya (4), ambayo inasema neno "dini" humo ndani lieleweke kuwa ni pamoja na madhehebu. Hiyo (4) ni ndogo lakini ina nguvu sana huku kwetu, kwa sababu ugomvi mwingi ni wa ndani kwa ndani, Muislamu kwa Muislamu wa mrengo mwingine, Mkatoliki na Mlokole, na kiongozi anajitetea eti "mbona wote dini moja". Madhehebu yako yanalindwa kama dini inavyolindwa.

Ya tatu ni ibara ya 13. Ibara ndogo ya (4) inakataza mtu kubaguliwa na mtu au mamlaka yoyote inayotekeleza madaraka yake chini ya sheria au kazi za Mamlaka ya Nchi, na ya (5) inaeleza kubagua ni nini na dini imetajwa humo pamoja na kabila, pahala mtu alipotokea, jinsia na hali ya maisha.

Hapa kuna mtego. Ibara ya 9 nayo ina maneno matamu sana ya nafasi sawa kwa raia wote bila kujali dini, watu wanaipenda kuinukuu. Lakini ibara ya 9 ipo kwenye sehemu ya malengo ya nchi, na ibara ya 7(2) inasema malengo hayo hayadaiwi mahakamani. Itaje kwenye hotuba ukipenda, kwenye barua simama na 13 na 19. Hizi za haki zenyewe hazikuwemo Katiba ilipotungwa 1977, ziliingizwa kwa mabadiliko ya 1984 na zikaanza kudaika mahakamani 1988, kwa hiyo mzee akikwambia zamani hakukuwa na mambo ya kudai haki, hajakosea, ila sasa yapo.

Ukishasoma, jiulize swali moja kabla hujafanya chochote. Nani hasa kanibagua? Jibu ndo linakupa mlango wa kugonga. Kama ni mtendaji, mwenyekiti, mwalimu wa shule ya serikali, ofisa wa halmashauri, polisi, hao wanatumia madaraka ya umma, ibara ya 13(4) inawahusu moja kwa moja. Kama ni mwajiri wako binafsi, mfano kwenye kiwanda cha kubangua korosho umefukuzwa kwa sababu ya kuomba nafasi ya swala au ya sabato, usianze na Katiba, anza na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi wa dini kazini, na unaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda wake ni mfupi mno, siku 30 ukiwa umefukuzwa kazi na siku 60 kwa migogoro mingine, na watu wanapoteza haki zao kwa kusubiri "mazungumzo" na bosi mpaka siku zinapita. Kama ni AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, jina lako limerukwa kwenye orodha ya salfa ya mikorosho na unaamini ni dini, nenda kwa afisa ushirika wa wilaya na orodha mkononi. Na kama ni jirani tu, hataki kukusalimia, hataki mwanae aolewe kwenu, hakupi chumba cha kupanga kwa sababu wewe ni wa dini nyingine, hapo nikwambie ukweli, Katiba haikusaidii sana, ile 13(4) imewalenga wenye madaraka. Inauma lakini ndo ilivyo. Jirani akivuka mpaka akaja kukuvurugia ibada au kukuharibia jengo, hiyo ni jinai na ntaifikia.

Ngoja nichukue mfano mmoja niukalie, maana ndo utaona kazi inavyofanyika. Mama mmoja Msabato, kijiji cha ndani ndani huko Newala, karibu kijiji kizima Waislamu. Kazi za maendeleo, ule msaragambo wa kuchimba msingi wa zahanati, zilipangwa Jumamosi. Yeye Jumamosi haendi, ni sabato. Akaandikiwa faini kwenye kipande cha karatasi ya daftari, hakina muhuri, hakina namba, halafu mgambo wakaja wakachukua baiskeli ya mumewe. Ndugu zake wa kanisani wakataka kwenda kwa mwenyekiti kwa pamoja wakiwa na Biblia. Nikawaambia Biblia iacheni nyumbani, sio kwa sababu haina maana, kwa sababu mwenyekiti hana kazi ya kuamua kama sabato ni Jumamosi au la. Ukimpa hoja ya dini atakujibu kwa dini, na yeye ana dini yake na wengi nyuma yake, hapo umeshindwa kabla hujakaa. Mpe hoja ambayo analazimika kuijibu kama kiongozi.

Tukakaa na daftari tukaandika matukio tu, hakuna lawama. Tarehe gani tangazo lilitolewa, nani alitangaza, tarehe gani faini iliandikwa na nani, tarehe gani na saa ngapi baiskeli ilichukuliwa, mgambo walikuwa nani, nani aliona. Neno "wanatuchukia" tukalifuta. Halafu tukauliza vitu viwili. Kwanza, faini hii iko kwenye sheria ndogo ya kijiji? Maana kijiji hakiwezi kujitungia faini mdomoni, sheria ndogo inapita kwenye mkutano wa kijiji na inaidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na pesa ya faini inalipwa kwa risiti ya serikali. Mara nyingi sana ukiuliza hivyo kesi inaanza kulegea palepale hata hujataja dini. Pili, mama anataka nini? Hakutaka asamehewe kazi. Alisema yuko tayari kuchimba Jumapili au siku nyingine yoyote, hata kwa saa nyingi zaidi. Hilo ndo likawa ombi.

Hapo kwenye ombi pakazie sana. Watu wanaandika barua kurasa nne za malalamiko halafu mwisho "tunaomba haki itendeke". Mtendaji hajui afanye nini na hiyo. Omba kitu kinachofanyika kesho asubuhi, rudisha baiskeli, nipangie siku nyingine, tupimieni kipande cha eneo la makaburi, mwanangu asisimamishwe mstarini wakati wa kipindi cha dini isiyo yake. Kitu chenye mkono na mguu.

Barua yenyewe ilikaa hivi, ichukue ubadilishe:

Mimi ......, mkazi wa kitongoji cha ......, kijiji cha ......

Mtendaji wa Kijiji, kijiji cha ......

YAH: OMBI LA KUPANGIWA SIKU NYINGINE YA KAZI ZA MAENDELEO NA KURUDISHIWA MALI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe ...... ilitangazwa kazi ya ujenzi siku ya Jumamosi. Sikuhudhuria kwa sababu siku hiyo ni ya ibada kwa dhehebu langu. Tarehe ...... niliandikiwa faini ya shilingi ...... na tarehe ...... baiskeli ilichukuliwa nyumbani kwangu na ......, mbele ya ...... (nakala ya karatasi ya faini imeambatishwa).

Sikatai kushiriki kazi za kijiji. Kwa kuwa Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 19, inalinda uhuru wa ibada pamoja na madhehebu, na ibara ya 13(4) inakataza mamlaka kumbagua mtu, naomba: (a) nipangiwe siku nyingine yoyote isiyo Jumamosi, (b) nirudishiwe baiskeli, (c) nionyeshwe sheria ndogo iliyotumika kunitoza faini.

Naomba nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14.

Sahihi, tarehe, namba ya simu. Nakala: Mtendaji wa Kata.

Basi, ukurasa mmoja. Umeona ibara zimekaa sehemu moja tu, mstari mmoja, hazijatapakaa. Hizo siku 14 sio za kisheria, nimeziweka mimi ili kuwe na tarehe ya kushikia. Na ile nakala kwa mtendaji wa kata ndo inayofanya wa kijiji asiiweke chini ya godoro.

Kupeleka sasa. Toa fotokopi, moja wanabaki nayo, moja wanakupigia muhuri wa kupokea na tarehe unaondoka nayo. Wakikataa kugonga muhuri, usigombane, rudi na shahidi mmoja mtu mzima anayeheshimika, ikiwezekana asiwe wa dini yako, mkabidhi mbele yake, andika kwenye nakala yako jina la aliyepokea, tarehe na saa, na shahidi asaini. Mtu wa dini ya wengi akikusindikiza maneno yanapungua kabisa, na huku kwetu watani hawakosekani, Mmakonde na Myao, Mmakua na Mmwera, mtumie mtani wako. Ukipiga picha ya barua kwa simu fanya hivyo, lakini usiitupie kwenye grupu la WhatsApp la kijiji. Nasisitiza hili maana nimeona jambo la faini ndogo likageuka vita ya dini usiku mmoja kwa sababu ya voisi noti. Geita mwaka 2013 watu waligombania nani mwenye haki ya kuchinja mpaka mchungaji akauawa pale Buseresere. Hatutaki kufika huko kwa ajili ya baiskeli.

Siku zikipita kimya, barua ya pili inaenda kwa Mtendaji wa Kata na nakala kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ya tatu kwa Mkuu wa Wilaya. Kila barua inaambatisha ya nyuma yake. Hizi karatasi ndo ushahidi kwamba ulipita njia zote, na huko mbele utaona kwa nini hilo ni kubwa.

Shuleni ni hivyohivyo, ila unaanza kwa mwalimu mkuu, halafu kamati au bodi ya shule, halafu afisa elimu kata na wilaya. Kuna kesi ambayo kila mzazi wa dini ya wachache angeijua. Wanafunzi wa sekondari, Mashahidi wa Yehova, walikataa kuimba wimbo wa taifa kwa sababu ya imani yao, wengine wakafukuzwa wengine wakasimamishwa, zaidi ya mia moja. Mahakama Kuu wakashindwa. Wakakata rufaa, na Julai 2013 Mahakama ya Rufani ikawapa ushindi, ni kesi ya Zakaria Kamwela na wenzake. Mashahidi wa Yehova ni wachache kila wilaya ya nchi hii, hakuna mahali walipo wengi, na wimbo wa taifa ni kitu ambacho wengi wetu tunakipenda toka moyoni, mimi nikiwemo. Na bado wakashinda. Mtu akikwambia mahakama zinasikiliza wengi tu, mtajie hiyo.

Jinai inaenda polisi, sio kwa mtendaji. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina sehemu nzima ya makosa ya dini, vifungu vya 125 mpaka 129: kuharibu au kunajisi mahali pa ibada kwa nia ya kutukana dini, kuvuruga ibada inayoendelea kihalali, kuingilia makaburi, kuzuia maziko, na kutoa maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu. Ukivurugiwa ibada au jeneza likizuiwa njiani nenda kituoni, chukua namba ya RB, na uitunze. Hili la maneno liangalie kwa pande zote mbili. Kulikuwa na kesi ya Hamisi Rajabu Dibagula, alishtakiwa Morogoro kwa kusema kwenye mhadhara kwamba Yesu si mwana wa Mungu, akahukumiwa kifungo cha miezi 18, na mwisho Mahakama ya Rufani ikaifuta hatia. Kwa hiyo mtu kusema imani yake hadharani, hata kama inapingana na yako, sio kosa peke yake, lazima iwepo nia ya kuumiza. Usikimbilie polisi kila mhubiri akisema kitu usichokiamini, na wewe siku yako ya kuhubiri hutapenda ufanyiwe hivyo.

La makaburi naliongelea kidogo peke yake kwa sababu linatokea sana. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa niaba ya wanakijiji wote, sio ya msikiti wala ya parokia. Kama makaburi yaliyopo ni ya jumuiya ya dini fulani kwa umiliki wao, hapo wana haki ya kupanga nani azikwe. Kama ni ya kijiji, huwezi kukataliwa kwa sababu ya dhehebu. Msingoje mpaka mtu afe ndo mwanze kudai, maana siku ya msiba watu wana uchungu, maiti ipo ndani, kila neno linaweza kuwasha moto. Andikeni mapema, ombeni ajenda iingie kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ombeni eneo litengwe.

Ikiwa ngazi zote za serikali zimekaa kimya, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Hii imo kwenye Katiba yenyewe, ibara ya 129, ilianza kazi 2001, na bahati yetu watu wa kusini ina ofisi ya tawi Lindi mjini, huhitaji kwenda Dodoma. Kulalamika ni bure, unaweza kwenda mwenyewe au kuandika barua na kuambatisha zile nakala zako zenye mihuri. Kama huwezi kuandika tafuta wasaidizi wa kisheria, wapo wilayani chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, muulize afisa ustawi wa jamii wa halmashauri atakuelekeza, na hao hawatakiwi kukutoza pesa.

Mahakama ni mwisho. Ibara ya 30(3) inampa mtu haki ya kufungua shauri Mahakama Kuu kama haki yake ya msingi imevunjwa, na Mahakama Kuu ipo Mtwara mjini. Utaratibu wake uko kwenye Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, na shauri linasikilizwa na majaji watatu. Marekebisho ya 2020 yaliweka masharti mawili yanayobana: uape kiapo kuonyesha wewe mwenyewe umeathirika vipi, sio kumsemea jirani, na uonyeshe umemaliza njia nyingine zote kabla ya kuja; muulize wakili masharti hayo yakoje sasa. Ndo nilikuwa nasema zile karatasi zitunze, weka kwenye bahasha ya nailoni maana mvua za huku na paa za makuti unazijua. Hapa mtafute wakili, usijaribu peke yako hata kama sasa lugha ya mahakama ni Kiswahili tangu 2021. Na kwa wanaouliza kuhusu Mahakama ya Afrika kule Arusha, mtu binafsi kuishtaki Tanzania moja kwa moja mlango huo umefungwa tangu Novemba 2020, serikali ilijitoa kwenye tamko lililokuwa linaruhusu watu binafsi kwenda huko.

Kama nyie ni kundi na mnataka kuwa na jengo, akaunti, kiwanja, basi jisajilini, kundi lisilosajiliwa linanyanyasika kirahisi kwa sababu kila afisa anawauliza "nyie ni nani". Ni kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Mnahitaji watu wasiopungua kumi, katiba yenu, wasifu wa viongozi, na barua ya Mkuu wa Wilaya. Makundi ya Kiislamu huwa yanaambiwa yalete na barua ya BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, na hapo mimi nina neno. Ikiwa ibara ya 19 inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya mamlaka ya nchi na madhehebu yanalindwa sawa na dini, sioni kwa nini kundi dogo la Waislamu lipite kwenye mlango wa kundi kubwa ili serikali ilitambue. Lakini kama ndo utaratibu mnaokutana nao, ombeni hiyo barua kwa maandishi, na mkikataliwa ombeni sababu kwa maandishi vilevile. Kiwanja kiandikeni kwa jina la wadhamini waliosajiliwa RITA, ule wakala wa serikali wa usajili na udhamini, msiandike kwa jina la mchungaji au shehe mmoja, akifa watoto wake wanarithi msikiti.

Uhuru huu una mipaka pia, na ukijua mipaka unakuwa na nguvu zaidi ya kudai. Ibara ya 19(3) na ya 30 zinaruhusu sheria kuweka utaratibu kwa ajili ya usalama, amani na maadili ya jamii. Mkutano wa injili au mhadhara uwanjani, taarifa polisi saa 48 kabla. Spika za mkesha zinazopiga mpaka alfajiri zina kanuni za mazingira za kudhibiti kelele za 2015, na mtu akilalamikia kelele sio kwamba anapiga vita dini yako. Ibara ya 20 inakataza kusajili chama cha siasa cha kupigania dini, kwa hiyo usiruhusu mgombea akakutumia. Na ndani ya nyumba, yule kijana wako akiamua kubadili dini, au binti wa Kikristo asipotaka kuchezwa unyago kwa namna inayopingana na imani yake, ibara ya 19 ni ya kwake pia. Askofu Vincent Lucas wa Masasi miaka ya 1920 alikaa na wazee wakatafuta jando ambalo Mkristo anaweza kulipita bila kuacha watu wake, kwa hiyo kuongea kunawezekana, tumeshawahi.

Watu wananiuliza mbona Katiba yetu haina ibara ya makundi madogo kama Kenya walivyo nayo ya 56 kwenye Katiba yao ya 2010. Ni kweli ya 1977 haina. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilikuwa na ibara ya haki za makundi madogo, halafu kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa iliyotoka Bunge Maalum ilipangwa Aprili 2015 ikaahirishwa mpaka leo. Mchakato ukirudi kuhudhurieni mikutano ya maoni, msiwaachie watu wa mjini. Kwa sasa tunafanya kazi na 13 na 19, na zinatosha kwa mambo mengi ya kijijini.

Jambo la mwisho kabisa, na wengi wanalisahau wakishapata wanachotaka. Yule mama alirudishiwa baiskeli na akapangiwa Jumapili, kwa mdomo, mwenyekiti akacheka wakapeana mikono. Nikamwambia bado. Mtendaji huyu akihamishwa anakuja mwingine na Jumamosi inarudi. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaofuata, ule wa kila miezi mitatu, nyoosha mkono, omba uamuzi uingie kwenye muhtasari, kwamba mtu mwenye ibada siku ya kazi apangiwe siku nyingine, bila kutaja dhehebu. Halafu siku inayofuata nenda ofisini uone kwa macho yako kama umeandikwa na umesainiwa, uombe nakala, uiweke kwenye bahasha ileile.